Ndege ya Mashoto

Mchana, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
nazirudishia baiskeli ujana wake:
nakwangua kutu, napaka nyeusi,
nachora mstari wa dhahabu kwenye mtaimbo,
mwenyewe akija haitambui.

Usiku nafanya kinyume.
Nafunga mlango, navuta taa karibu,
nachukua ndege ya vita, mpya, ya plastiki,
moja kwa sabini na mbili,
kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa haifiki urefu wa kitana,
naanza kuizeesha.

Hii si yangu. Ni ya Mama Nassibu wa Chumbageni.
Kisanduku kaletewa na mwanawe aliye Muskati,
akanipa kikiwa bado ndani ya nailoni yake:
"Nitengenezee ile aliyokuwa akiihudumia Sechambo."
Picha hana. Ana kofia, ana cheti,
na bisibisi moja isiyofungua kitu chochote mle nyumbani.

Nikapaka rangi ya fedha, tabaka tatu nyepesi,
kila moja ikalala usiku mzima chini ya kawa,
maana vumbi la Ngamiani halibishi hodi.

Kisha alama.
Unakata kipande, unakizamisha katika maji ya vuguvugu,
unahesabu hadi thelathini,
unakitelezesha juu ya mkia kwa unyoya wa kuku.
Ya kwanza ilijikunja kama utandu wa maziwa.
Bendera nzima ikaenda hivyo.
Ya pili nilishusha pumzi kwanza,
nikaifukuza hewa kwa kijiti cha pamba,
nikaidondoshea siki, tone moja,
ikalegea, ikazama kwenye mishono ya bati
kana kwamba ilizaliwa nayo.

Halafu uchakavu, kazi ninayoipenda hadi naona haya.
Nyeusi iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa
nikaipitisha mishononi, nikaifuta;
penseli nikaisaga juu ya msasa,
unga wake nikaupaka nyuma, kwenye bomba la moto;
kwa sponji niliyoichuna godoroni
nikadonoadonoa pale buti hukanyaga.
Siku ya tisa ilikuwa imezeeka.
Nikajiambia: Hoza, hapa umeweza.

Mama Nassibu alikuja Ijumaa na bagia ndani ya gazeti.
Akavaa miwani.
Akaizungusha mara moja, akaizungusha tena.
"Nzuri," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Imechakaa kama ndege ya watu wengine."

Nikamuuliza imekosa nini.
Akaweka bagia mezani, akanyanyua mkono wa kushoto,
akashika hewa, juu, kama anayepanda ngazi.
"Alikuwa mashoto.
Kila kitu chetu kimelika upande huo.
Komeo la mlango. Ukingo wa meza.
Hata mpini wa jembe, mpaka leo unanikataa."

Mimi, ambaye nikitazama tandiko tu
najua mwenye baiskeli huegemea wapi!
Nilikuwa nimechora miaka isiyo na mtu ndani.

Sikugusa brashi.
Nilikunja msasa laini, ule wa namba elfu mbili,
nikasugua pembeni mwa kizibo cha mafuta,
upande ambao mafundi wengine hawaufikii kwa raha,
nikasugua, nikapuliza, nikasugua,
mpaka fedha ikaachia
na kijivu cha chini kikachungulia:
kipara cha ukubwa wa punje ya ulezi.
Zaidi ya hapo ungekuwa uongo.

Alikiona bila kuonyeshwa.
Hakulia. Aliuliza bei, akabishana,
nikampunguzia elfu tano,
akaondoka na kawa yangu pia,
ndege ikiwa chini yake
kama chakula cha mtu anayechelewa.

Sijaidai.