Uzi wa Kijani

Redio imesema arobaini na mmoja.
Imesema waasi.
Imesema msitu wa juu umefagiwa,
wananchi walale.

Mimi ni fundi cherehani, ngazi za Kadutu,
mlango wa tatu ukishuka toka sokoni.
Siasa siijui. Najua kipimo:
bega, kiuno, mguu hadi gotini,
na inchi mbili za kukunja ndani,
maana mtoto hukua na pesa hazikui.

Mwezi wa tisa Mama Cibalonza alishuka toka Nyamubanda,
gunia la makala mgongoni, kamba kwenye paji la uso.
Akalitua mlangoni pangu:
Fundi, hili ni kaptula tatu za shule.
Nikamwambia, hili ni mbili.
Tukabishana hadi kivuli kikahamia ng'ambo ya ngazi,
akacheka,
nikashona tatu.

Ile ya tatu, ya mdogo wao, Cubaka,
uzi wa bluu uliniishia kwenye pindo.
Nikamalizia kwa kijani.
Nani atachungulia pindo, nilisema.

Malori yalipanda Jumanne, kumi na saba,
niliyahesabu nikitunga sindano.
Usiku wa Jumatano mlima ulikohoa.
Alhamisi ulikohoa.
Ijumaa ukanyamaza, na moshi ukakaa juu yake
kama mgeni asiyeambiwa karibu
naye kashaketi.

Wale wa msituni, nani hawajui?
Walibisha usiku kwa Mama Cibalonza wakataka kuku,
wakataka unga,
wakataka mtu wa kubeba unga.
Aliyewanyima waliita msaliti.
Aliyewapa, Jumanne ilimwita mwasi.
Na katikati ya majina hayo mawili
palikuwa na nyumba ya udongo, na sombe jikoni.

Jumamosi walishusha maiti kumi uwanjani
wapigwe picha,
na bunduki moja,
moja hiyo hiyo,
ikihamishwa kifua hadi kifua.

Nilikwenda kwa sababu watu walikwenda.
Sikutazama nyuso. Kazi yangu si nyuso.
Nilitazama nguo.

Wa nne kutoka kushoto, zamu yake ya bunduki:
kaptula ya bluu, makalio yamepauka kwa dawati,
inchi mbili bado zimekunjwa ndani,
hazikuwahi kufunguliwa,
na pindoni
kijani.

Afisa akaniona nimesimama sana.
Mzee, huyu unamfahamu?
Nina cherehani moja. Nina watoto watano.
Nikasema hapana,
na ulimi wangu haukukwama hata kidogo.

Redio bado inasema arobaini na mmoja.
Mimi natoa mmoja. Arobaini.
Sijui fundi wa mlango wa pili angetoa wangapi,
au yule mama anayefuma sweta pale chini,
au msusi, ambaye hujua vichwa.
Hatuulizani.
Tunashona tu, na mashine zinapiga kelele
kushinda redio.

Mama Cibalonza hajashuka tena.
Nikisikia kamba ikikwaruza ukutani
nasimama.
Gunia lake liko pale kona, nimelifunga upya mdomo.
Mvua imeingia, baridi ya ziwa inapanda ngazi,
mke wangu ananiuliza kila jioni
kwa nini tunanunua makala ya vikopo
na gunia zima limejaa ndani ya nyumba.