Mahali pa Kifo

Daftari lilikuwa chini ya mabakuli ya chuma
katika stoo ya hospitali, Dodoma mjini,
limefungwa kwa bandeji iliyogeuka rangi ya chai.
Mtunza stoo akalipuliza, vumbi likatupata sote,
akasema, "Saa kumi nafunga. Hata kama hujapata."

Kikosi cha tiba cha anga. Vita vya Kagera.
Wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyeandika akitikiswa:
herufi zinapanda pale ndege ilipopanda,
na penye shimo la hewa kalamu imechana karatasi.
Jina. Namba. Jeraha. Kundi la damu.
Saa ya kupakiwa. Saa ya kushushwa.
Paja la kushoto. Kifua. Kifua. Macho yote mawili.
Malaria: huyu naye alirushwa pamoja na wenye risasi,
na pembeni mtu kaandika, "Anaimba. Anasumbua."

Nilikuja kumtafuta mmoja tu,
Zakayo Mhembano, kaka wa baba,
ambaye kwetu ni cheti kimoja ndani ya kopo la kahawa.
Mahali pa kifo: Bahi.

Bahi!
Mtu katoka vitani Kagera, akafie Bahi,
kwenye majaruba ya mpunga na kituo cha treni?
Babu alikwenda mara saba.
Aliuliza kanisani, aliuliza polisi,
aliwauliza wavua kambale waliosimama kwenye tope hadi kiunoni,
nao wakamuuzia kambale.
Mara ya saba alirudi na udongo ndani ya soksi,
akauzika nyuma ya zizi. Mbuzi wakapita juu.

Ukurasa wa thelathini na moja, nikamkuta.
Kupakiwa: Mwanza, saa tatu na dakika kumi.
Kushushwa: mstari.
Mstari tu, umenyooka,
kana kwamba hapo, kwa mara ya kwanza, ndege ilitulia.

Hombolo. Koplo mstaafu Yotamu Chilewa anapogoa mizabibu.
Mkasi ameupitisha kidole gumba na cha pete,
kama wanavyoshika waliowahi kubana mishipa.
Hakuniangalia.
"Mhembano," alisema. "O chanya. Na mimi O chanya.
Nilimpa chupa nzima tukiwa juu, kutoka mkono huu.
Haikutosha."
Akakata tawi.
"Tulipotua, karani ana fomu yake.
Namwambia huyu kafia hewani.
Ananiambia hewani si mahali.
Tukabishana, yeye kachoka, mimi nimechoka,
damu yangu mwenyewe imenikaukia shatini.
Mwishoni akauliza:
ulipomfunika uso, dirishani uliona nini?
Nikasema maji. Maji mengi yanang'aa, na reli pembeni.
Akaandika Bahi."

Nikamuuliza, sasa kaburi?
"Waliobaki hai walikuwa saba," alisema,
"na wabeba machela tulikuwa wawili."
Kisha, "Hebu nishikie tawi hili."
Nikalishika. Lilikuwa linatoa maji pale alipolikata,
tone, halafu muda mrefu, halafu tone,
naye akasubiri kidogo, mkasi hewani,
kama anayehesabu.

Shangazi Mbeleje alikuwa anapepeta uwele nilipomweleza.
Alipepeta mpaka ungo ukaisha,
akamwagia kuku makapi, akakung'uta kanga.
"Kwa hiyo baba alikuwa akiinama bure," alisema.
Sikujibu. Kuku walidonoa.
Baadaye sana, taa imeshawashwa, mimi nikidhani kalala:
"Juu kiasi gani?"
Nini, shangazi?
"Pale alipofia. Kutoka chini, juu kiasi gani?"

Nilifungua tena picha nilizopiga za ule ukurasa,
nikazikuza hadi wino ukawa madoa.
Daftari halikuwa na safu hiyo.