Tikiti Halivundikwi

Kalenda inasema siku thelathini na tano tangu ua lidondoke.
Semfilinge haamini kalenda.
Anainama shambani Itunundu, jua la Pawaga mgongoni,
anatafuta kikono, kile kijiuzi kilichojisokota
jirani na kikonyo.
Kibichi: anapita.
Kimekauka nusu: anapita, ila anachomeka kijiti.

Kisha anageuza tumbo la tunda.
Palipolalia udongo palikuwa peupe kama sembe,
sasa pana rangi ya samli.
Ganda nalo limeacha kung'aa,
limefubaa kama sahani ya bati
iliyosuguliwa kwa majivu miaka na miaka.

Ndani hakuna anayeona.
Ndani weupe umeanza kuona haya,
waridi kwanza, halafu wekundu uleule
wa nyanya za Ilula.
Vijikuta vinavyoshika maji vinalegea,
ukakasi unarudi nyuma,
na sukari zinaingia kwa zamu:
ya zabibu, ya matunda,
na ile ya muwa, nzito, mwisho kabisa,
watu wamekwisha kaa,
kama mgeni rasmi.

"Mama, Fuso la Luhwago linaondoka kesho alfajiri."
"Liondoke."
"Mashine Tatu bei iko juu."
Anagonga moja kwa kidole cha kati. Ti.
"Hili bado linaongelea puani.
Ukilikata leo, ndiyo basi.
Si ndizi, ulivundike.
Si parachichi la Njombe, liivie guniani.
Likiachana na shina
utamu unabaki palepale ulipofika."

Sikusema kitu.
Mwaka ule Fuso lilinibeba na mimi,
darasa la tano, kulea mtoto wa watu Makambako.
Nasikia bei ilikuwa nzuri.
Nilirefuka. Nilinenepa hata,
mashavu yakashika rangi, watu wakasifu.
Lakini kuna mahali pangu, ukigonga,
panalia ti.

Jumamosi aligonga tena.
Du,
kama mtu anayeitikia hodi yuko chumba cha mwisho.
Kikono kikavu, kahawia, kinavunjika kikiguswa.
Hakunitazama.
Alifuta kisu kwenye khanga, akanipa mpini.
"Kata wewe.
Acha kikonyo kidogo,
lisije likaoza kwa haraka yako."