Kutazama Mlima

Kila uliponisogelea kusema jambo
niligeuka kaskazini, nikautazama mlima.
"Leo umefunguka," nilisema.
Au: "Leo umevaa wingu hadi kiunoni."
Nawe, Nasia, ulicheka umeziba mdomo kwa kiganja,
nikadhani ni haya tu, malezi ya Marangu.

Mwezi wa kwanza nililaumu kitunguu.
Wa pili, dagaa wa Kiboriloni,
kisha mbege ya harusi ya binamu yako,
kisha Kwaresima: tumbo tupu, nilijiambia,
lina mvuke wake.
Pasaka ilipofika sikuwa na wa kumlaumu.
Ilikuwa harufu ya maji ya maua
yaliyosahauliwa madhabahuni,
siku ya nane.

Nikawa duka la dawa linalotembea.
Pipi za mnanaa mfuko wa shati,
karafuu mfuko wa suruali.
"Onja hii." "Onja na hii."
Ukaniuliza kama nimefungua biashara.
Nikakuletea mswaki, nikasema ni wa ofa.
Nikaleta wa pili.
Ofa gani hiyo isiyokwisha?

Aminieli, rafiki yangu, akasema,
"Utazoea. Wanaoishi nyuma ya kiwanda cha ngozi
si wamezoea?"
Lakini ni wewe uliyelala siku nne kwenye mkeka, Mawenzi,
ukimuuguza shangazi yangu, asiye wako,
ukimlisha mtori kijiko kwa kijiko.
Moyo ulisema, hapa umefika.
Pua ikasema, ngoja kwanza.
Na mtu haoi huku amebana pumzi.

Jumamosi, barazani kwenu Rau,
tulikuwa tunamenya maharage mabichi.
Sentensi nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima,
lakini kinywa changu, hiki kisafi,
kiligoma kufunguka.
"Nasia, kuna kitu..."
"Ni mdomo," ulisema.
Hukuinua macho. Uliendelea kumenya.

"Najua tangu darasa la sita.
Dawati la watu watatu, nilikaa peke yangu.
Nimeng'oa magego mawili yasiyo na kosa.
Nimesukutua chumvi, magadi, majani ya mpera,
hata maji ya upako, Mungu anisamehe.
Mmoja aliniambia ni meno, mwingine tumbo,
mwingine akasema nina mawazo mengi.
Yule wa kabla yako alikwenda Mwanza kikazi.
Huu mwaka wa nne, bado yuko safarini.
Na wewe ulikuwa unautazama mlima
hata siku za ukungu, hauonekani.
Nilikuwa nahesabu. Si nafundisha hesabu?
Nilitaka kuona utafika ngapi."

Sikuuliza nilifika ngapi.
Tukamaliza maharage.

Jumatatu tukapanda KCMC,
foleni ya masikio, pua na koo, namba sitini na mbili.
Daktari kijana akakumulika kooni,
akachokoa kijiwe cheupe,
kidogo kama chenga ya mchele.
"Vinajificha kwenye tezi," alisema. "Na vitarudi."
Ukakitazama juu ya pamba
kama mtu aliyeonyeshwa, uzeeni,
mwizi aliyemwibia utotoni.
"Hiki?" ulisema.
Kisha tena, polepole, "Hiki?"
Ukalia, na mimi nikashika mkoba wako
kwa mikono miwili, kama mjinga.

Na kweli vinarudi.
Kuna asubuhi unasimama mlangoni unaniuliza, "Leo?"
nami nasema, "Leo, kidogo,"
ukaenda kusukutua, chai ikapoa.
Kuna siku unanuna kwa jibu hilo hilo.

Juzi mlima ulifunguka wote, mweupe hadi mabegani.
Majirani walitoka na simu zao.
Ulikuwa unaniambia jambo, karibu sana,
jambo refu, la mwanafunzi wako na sehemu zake.
Sijui mlima ulikaa wazi mpaka saa ngapi.