Toleo la Kumi na Tisa

Kibandani kwa Lushinge, Mabatini, mia tano mechi moja,
toleo la kumi na nane bado lina harufu ya plastiki
na tangazo la kumi na tisa limeshabandikwa.
Jezi mpya. Nyasi mpya. Kipa yuleyule,
anayeuacha mpira upite kwapani.

"Nikinunua, deni," anasema. "Nisiponunua, watoto watahamia kwa Ng'wandu."

Hata dagaa wa Kirumba wana likizo:
mwezi ukipevuka, karabai huzimwa,
ziwa likapumua, nao wakanenepa.

Nyie watengenezaji, mwezi wenu hupevuka lini?
Kaeni miaka mitatu. Mfundisheni kipa kudaka.
Sisi hatujamaliza la kumi na tano:
Nyanjige bado anatafuta njia
ya kumfunga kaka yake.