Punguzo la Askari

Dirisha la tatu, ofisi ya meli, Kilindini.
"Mzee, una uthibitisho?"
Mwakio anafungua mfuko wa nailoni:
kitabu cha kuachishwa jeshi, pembe zimeliwa na mende,
na ile nambari ya utumishi
aliyokuwa akiitaja usingizini
miaka ishirini na miwili.

"Jeshi la majini," karani anasoma. "Meli gani?"

Hapo mume wangu anakohoa.
Mimi najua. Mtongwe nzima inajua.
Alikuwa ghalani.
Alihesabu sabuni, kamba, makopo ya maharagwe,
mabuti ya kushoto yaliyoletwa bila ya kulia.
Waliokwenda aliwapungia mkono,
waliporudi akawapokea kwa daftari.
Maji aliyavuka kwa feri ya Likoni,
tena siku za mshahara.

"Fomu haina swali la meli," nasema.
Karani ananitazama, anaitazama fomu,
anaigeuza nyuma
kana kwamba bahari imeandikwa huko.
Kweli, haina.
Inataka miaka, hati, kitambulisho,
na mke, kama yupo.
Yupo, nasema.

Muhuri, pwaa! Asilimia kumi na tano.
Unguja kwenda na kurudi, siku nne,
chumba kisicho na dirisha.

Nje, kati ya malori, jua la saa saba,
Mwakio bado hajacheka.
Risiti ameikunja mara nne, ameitia soksini.
Ananishika kiwiko:
"Mghoi, na nikitapika
mbele ya raia?"