Hewa Imeshiba

Kwa jicho, usiku huu hauna doa.
Kutoka mgongo wa Ngong naiona Nairobi yote,
taa za Rongai, za Karen zilizojificha mitini,
na mbali kule uwanja wa ndege ukipepesa.
Kemunto anasema: safi.
Kipimo kinasema: bado.

Tumekipandisha kwa punda wa Sironka,
sanduku lenye sikio moja la bati,
na mtungi wa naitrojeni tulioazima Kabete
kwa watu wa mbegu za fahali.
"Urudi kabla ya Jumatatu," walituambia,
"kuna ng'ombe wanangoja."

Sikio naanza kulielekeza utosini mwa mbingu,
kisha nalilaza kidogo kidogo,
nyuzi sitini, arobaini, ishirini,
hadi linachungulia upeo
ambako hewa ni nzito kama uji wa jana.
Kila nikililaza, namba hupanda.
Ni maji hayo, maji yaliyokataa kuwa wingu,
yananing'inia tu kati yetu na nyota
yakimeza mawimbi yaliyoanza safari
kabla mtu hajamwita mtu kwa jina.

Milimita kumi na nane.
Yaani ungeikamua mbingu yote iliyo juu ya kofia yangu
ungepata kina cha upana wa kidole gumba.
Kidole gumba, na kimetuzibia nyota.

Mama, Umoja, ghorofa ya nne,
mwezi wa saba, akibana sare zangu kambani:
alfajiri alizishika pindo, akaguna,
"Hewa imeshiba. Haipokei."
Hakuwa na chati. Alijua kwa ncha za vidole
kwamba anga lisilonyesha si lazima liwe kavu.
Nikaenda shule na soksi mbichi.

Sironka ananiuliza kama tumewasikia.
Akina nani? Hao wa juu.
Namwambia bado tunapima unene wa pazia.
Anacheka, anamfunika punda gunia.

Saa kumi upepo unageuka, unapanda kutoka bondeni, mkavu.
Kumi na sita.
Kumi na nne na nusu. Kemunto anaacha kupiga miayo.
Kisha inagoma hapo hapo.

Naandika bila kupamba:
Ngong, saa kumi na dakika ishirini, hapafai.
Na chini yake, kwa penseli,
maana karatasi imelowa na kalamu imekataa:
tujaribu mlima mwingine.